Mzee Ukweli na Chapati ya Pembe Sita

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku njema. Darasa langu la Adabu Mtandaoni limefunguliwa katika ukumbi wa kanisa, Makongeni. Wanafunzi kumi na wanne. Likizo imewachosha wazazi kiasi kwamba wangeleta watoto hata kwa darasa la kufuga nyuki, lakini sijali.

Mbuvi wa Ruiru, mpinzani wangu mwenye darasa kama hili, ana thelathini. Ana projekta pia, na bango lenye sura yake. Jumamosi tunakutana kwake, na kamati ya vijana itachagua darasa moja la kuzunguka shuleni muhula ujao. Lazima liwe langu. Nimetengeneza simu Kiganjo miaka kumi na moja. Najua yaliyo ndani ya simu za watu.

Atakayetuwakilisha Jumamosi ni mwanafunzi wangu Wanja, miaka kumi na tano, msichana wa video za chapati. Anapika jikoni kwa nyanya yake, anayemwita cucu, huku akisimulia vituko vya mtaa. Akianza kuongea, nasahau kumsahihisha.

Leo kanuni nne: usijibu tusi kwa tusi, hifadhi ushahidi, ripoti, simama na anayeshambuliwa. Sumeya, anayekaa mbele na kuandika mpaka kikohozi changu, ameuliza kama nimewahi kutukanwa mtandaoni. Nimesema mara nyingi sana. Ukweli ni mara moja. Mbuvi alisema bango langu linafanana na tangazo la mazishi.

Jumanne, 12 Agosti

Darasa limepoa. Kanuni wanazo zote kichwani, adui hawana. Watajizoezaje?

Jibu limenijia nikinywa chai. Nimefungua akaunti ya uongo. Jina: Mzee Ukweli. Picha: simba. Nitawachokoza kidogo, kwa faida yao, kisha nione wanavyotumia kanuni. Mbuvi hawezi kuwaza kitu kama hiki. Beth, mke wangu, ameuliza mbona naichekea simu. Nimesema ni kazi. Amesema ndiyo sababu ameuliza.

Nimeandika chini ya video ya Wanja: "Chapati gani hii ina pembe sita? Hii ni ramani ya Gatuanyaga. Barikiwa."

Nimeisoma mara tatu. Kali lakini safi.

Jumatano, 13 Agosti

Mambo yameharibika.

Watu nisiowajua wamemwona Mzee Ukweli wakadhani mlango umefunguliwa. Kufikia saa sita mchana walikuwa zaidi ya mia mbili. Mmoja amesema sura ya Wanja na chapati ni kitu kimoja. Mwingine amemwingiza cucu, ambaye hata simu ya kubonyeza inamshinda. Wanja ameficha video zote, sabini na kitu, na hakuja darasani. Sumeya amesema Jumamosi tusimtegemee, na kwamba tangu asubuhi hajatoka kitandani.

Nimeona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Chai imenishinda kunywa.

Mpango wa pili: akaunti ya pili. Mama Upendo, picha ya waridi. Amtetee Wanja kwenye ukurasa wa mtaa, ambako watu walikuwa bado wanacheka. Mama Upendo alianza vizuri. Nikaona Mzee Ukweli naye ajibu, ili jambo lionekane la kweli. Akajibu kwa ujeuri. Mama Upendo akapandwa na hasira, akamwita mbuzi aliyekata kamba. Kufikia saa kumi nilikuwa natetemeka kwa ghadhabu, sijui dhidi ya nani. Saa kumi na nusu Mama Upendo amefungiwa kwa lugha chafu.

Mzee Ukweli bado yupo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefika nikakuta watoto wamepanga viti duara. Hawakuningoja.

Sumeya ameeleza. Mama yake ana chama na wanawake wenzake: kila wiki wote wanachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka mpaka kila mtu amefikiwa. Basi wao watachanga maneno. Kila siku mmoja anapokea, na wengine wote wanamwandikia jambo moja zuri waliloliona kwake kwa macho yao. Sifa za kubuni haziruhusiwi. Zamu ya kwanza ni ya Wanja.

Uthman, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "niko," ameandika kwamba mama yake alipolazwa, wadogo zake walikula kwa sababu yeye alijifunza kukanda unga kwenye video ya Wanja. Nimetoka nje nikajifanya napokea simu.

Niliporudi nikasema huo ndio mpango niliokuwa nao tangu mwanzo. Sumeya amesema sawa, mwalimu.

Ijumaa, 15 Agosti

Wanja amerudi! Amekuja na hotpoti ya chapati. Amesema aliyasoma yale maneno kwa sauti, na cucu akaagiza yarudiwe yote kuanzia juu.

Darasa likauliza leo ni zamu ya nani. Wanja amesema Mzee Ukweli. Nimekohoa. Amesema mtu mzima anayeamka kutukana chapati, kwake hakuna amani.

Basi nimeketi mbele yao wakimwandikia kwenye ukurasa wa mtaa, simu ikitetemeka mfukoni mara kumi na nne. Nimeisoma chini ya meza. Sumeya: "Herufi kubwa na nukta umeziweka mahali pake. Mtu alijitahidi kukufundisha." Uthman: "Hukutumia neno chafu hata moja." Wanja: "Ulihesabu pembe. Kwa hiyo uliiangalia vizuri kuliko wote. Karibu uonje."

Macho yamenijaa. Nimejibu hapo hapo chini ya meza: "Asanteni wanangu. Mmenigusa. Barikiwa."

Simu zote zikalia. Sumeya ameutazama ujumbe. Kisha akatazama ubao, ambako mwisho wa kila somo naandika neno moja kubwa: Barikiwa. Kisha akanitazama mimi. Wakageuka wote.

Nimekiri. Mama Upendo pia. Wanja ameuliza kama yale ya cucu pia niliandika mimi. Nimesema hapana, lakini wao waliingia kwa mlango nilioufungua mimi. Amesema basi kesho nitaomba msamaha Ruiru, mbele ya watu wote, kwa jina langu.

Nimekubali. Nilitaka kulia tena. Kisha amenipa chapati yenye pembe nyingi kuliko zote na kunisimamia mpaka nikamaliza. Ilikuwa tamu, na nikamwambia hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Ruiru. Mbuvi amefundisha dakika arobaini bila kupumua. Kisha Wanja akaomba kuazimwa projekta.

Ameonyesha ujumbe wa Mzee Ukweli. Ameonyesha yaliyofuata, hata ya cucu, bila kuficha. Kisha maneno ya chama, moja moja. Mwisho ameniita. Nimesema mimi ni Kagwe, fundi wa simu, ndimi niliyefanya haya, na nimemkosea mtoto huyu. Watu wamecheka, kisha wakapiga makofi. Nadhani yalikuwa ya Wanja.

Kamati imechagua chama cha maneno. Kitazunguka shuleni, kikiongozwa na Wanja na Sumeya. Mimi nitabeba spika, na panapohitajika nitasimama kama mfano. Mbuvi amekuja kuuliza chama kinaanzishwaje, maana darasani kwake kuna msichana ambaye pia ameacha kuja. Nimemweleza yote. Kwa dakika tano nzima sikumchukia.

Jioni video za Wanja zimerudi, na mpya moja. Cucu yumo, anacheka.

Jumapili, 17 Agosti

Ukurasa wa mtaa umeandika habari za jana. Jina langu hamna. Kwenye picha niko bega tu. Mbuvi yuko mzima, na bango lake.

Hii haiwezekani. Baada ya ibada nimefungua akaunti mpya: Raia Mwema, picha ya njiwa. Safari hii nimejihadhari. Nimetumia hata simu ya Beth. Nimeandika: "Tusimsahau Mwalimu Kagwe, mtu mnyenyekevu, aliyeanzisha haya yote. Barikiweni."

Dakika haikuisha. Wanja amejibu: "Leo ni zamu yako, mwalimu." Kisha wale wengine kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na jambo aliloliona kwangu kwa macho yake. Nimeyasoma yote mara mbili.

Sijui wamejuaje. Namshuku Beth.