Mawe Yanayopumua Pipeline

Fanuel Odero alikuwa na kipaji kimoja ambacho serikali haikukitambua wala kanisa halikukibariki: alijua mtu anataka kuambiwa nini kabla mwenyewe hajajua. Kwa kipaji hicho aliwahi kuwauzia mafuta ya kuotesha nywele wanaume wenye vipara kule Industrial Area, na nywele zilipokataa kuota, akarudi akawauzia kofia. Walimshukuru mara zote mbili.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akikatiza kiwanja kilicho wazi nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, alipoona gari kubwa jeupe limepata pancha. Dereva amelala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Tajiri wake, mama mmoja mwenye shanga za mbao zilizomfika kiunoni, ameketi juu ya jiwe, viatu kando, macho kayafumba.

"Linapumua!" mama akasema. "Mutie, hili jiwe linapumua!"

"Ndiyo, madam," likajibu gari kutoka chini. Mutie alikuwa amezoea.

Jiwe, kwa kweli, halikuwa linapumua. Nyuma ya mabati, karibu kabisa na hapo, Susu Koki na wenzake walikuwa wakitwanga muthokoi, yaani mahindi yanayoondolewa ganda kwa kinu, na michi yao ikishuka kwa pamoja ardhi hutetemeka. Ndiyo sababu walifukuzwa kwenye ghorofa. Mpangaji wa chini alilalamika kwamba chai yake inamwagika, na msimamizi akapiga marufuku vinu vyote. Wakahamia kiwanjani. Mawe yalikuwa yameachwa na mkandarasi aliyetoweka, na akina mama ndio walioyaviringisha wakayapanga duara, malori ya taka yasije yakawamwagia uchafu kazini. Pale ndipo mahali pekee Pipeline nzima palipowaruhusu kupiga kelele za kutafuta riziki.

Odero akayatazama mawe. Akamtazama mama. Akalitazama gari. Furaha ikamjaa mpaka akataka kucheza.

"Madam," akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani, "usiogope. Si kila mtu husikia."

Mama akafumbua macho. "Nini hiki?"

"Watu wetu walikuwa wakikutana na ardhi hapa kabla jiji halijapata jina. Duara ni lao. Mimi natunza tu." Akainamisha kichwa. "Hukupata pancha, madam. Umeitwa."

Huyo mama aliitwa Nabiswa, mjane mwenye mali na moyo mwema, na alikuwa amesafiri nchi kadhaa akitafuta mawe ya kumwita. Kuambiwa kwamba yalikuwa Embakasi muda wote huo kulimtoa machozi.

Gari lilipoondoka, Odero alizunguka mabati.

"Susu, niaje? Nina kazi rahisi sana." Susu ni nyanya kwa Kikamba, na pale kila mtu alimwita hivyo Koki. "Wageni wakija, nyinyi mtwange tu. Halafu wewe uje ukae kwenye jiwe useme mambo ya mababu. Mahindi nitanunua mimi."

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema Koki. "Sisemi uongo."

"Si uongo, Susu. Ni utamaduni."

Koki akafikiri, akipepeta. "Basi nitaongea Kikamba, na nitasema ukweli mtupu. Wewe utawatafsiria unavyotaka. Dhambi ni yako."

"Dhambi nabeba," akasema Odero upesi. Hakuwahi kupewa mzigo mwepesi kama huo.

"Na kiwanja usikiguse."

"Nikiguse nikipeleke wapi?"

Jumamosi zilizofuata zilikuwa tamu. Madam Nabiswa alileta marafiki, na marafiki wakaleta marafiki. Walivua viatu, wakayakumbatia mawe, wakatetemeka yalipotetemeka. Mmoja alipotaka kutuma sadaka kwa simu, Odero alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mababu hawana laini! Noti, ndugu yangu, mkononi." Noti zikaingia kwenye kibeti alichofunga kiunoni, na hazikutoka.

Kisha Susu Koki angeongea. Siku moja alimwelekezea mkongojo bwana mmoja mwembamba aliyesimama peku, kisha yeye Koki akaguna maneno machache. Alikuwa anasema, "Huyu avae viatu, mbuzi wamelala hapo jana."

"Susu anasema," Odero akatafsiri, "wewe umewahi kusimama hapa hapa, katika maisha mengine."

Bwana akaangua kilio. Nyuma kidogo, penye magari, madereva waligeuka wote wakatazama ukuta, mabega yakiwatetemeka. Odero akaona roho imewagusa hata hao. Katika hesabu zake zote za werevu hakuwahi kujiuliza ni nani wanaoendesha magari ya matajiri wa Nairobi, wala kujua kwamba Mutie na wenzake walikuwa watoto wa Machakos na Kitui, Ukambani.

Sasa tamaa, hiyo haina breki. Madam Nabiswa alitaka kulinunua duara lote, ajenge ukuta, na ndani yake vijumba vya watu kunyamazia. Odero akakumbuka ghafla kwamba ardhi ile aliachiwa na babu yake. Ijumaa jioni alisimama kando ya Koki, simu sikioni, akaongea Kijaluo bila hata kupunguza sauti.

"Kesho nachukua bahasha, na jioni niko kwenye basi la Busia," alimwambia rafiki yake. "Akina mama? Ukuta ukija watajijua watatwangia wapi."

Koki akaendelea kupepeta. Uso wake haukusogea.

Kesho yake Madam Nabiswa alifika na bahasha nono. "Kwanza nataka baraka za Susu," akasema.

"Bila shaka!" Odero alikuwa tayari amevaa viatu vya safari.

Koki akasimama, akamgeukia Mutie, akaongea Kikamba kirefu kuliko siku zote. Katikati yake Odero alisikia neno "Busia" akataka kujiuliza limefikaje hapo, lakini mdomo wake haukuwa na desturi ya kungoja akili.

"Susu anasema mawe yamekubali! Bahasha ipokelewe!"

Mutie akakohoa. "Madam, samahani. Mimi ni Mkamba. Hakusema hivyo."

Alichosema Koki kilikuwa hiki: huyu hana kiwanja, jioni anatoroka na pesa za tajiri wako, na sisi tutakosa pa kutwangia. Lakini Mutie alijua yanayompata dereva aliyeona tajiri wake akiaibika mbele ya marafiki. Akavuta pumzi.

"Susu anasema duara haliuzwi. Ni la wanaotwanga. Anayelifanyia biashara, mawe humfuata hata ndani ya basi. Na mkalimani, kwa kuwa amebeba maneno ya mawe mdomoni, lazima awarudishie wanaotwanga kila alichopokea. Kisha avue viatu, atwange gunia zima."

"Ndivyo alivyosema," wakaitikia madereva wote, mikono kifuani.

"Odero?" Madam Nabiswa akamtazama. "Ni kweli?"

Odero akafungua mdomo. Akisema Mutie anadanganya, Susu ataulizwa kwa Kiswahili, na Susu hasemi uongo. Akafunga mdomo. Akajinong'onezea kwa Kijaluo: "Huyu mama ameniua."

"Bado," Koki akamjibu kwa Kijaluo safi. "Anza na viatu." Alikuwa amelea watoto wake wote mtaa wa Kaloleni, mlango kwa mlango na akina mama Wajaluo wa Siaya.

Kibeti kikafunguliwa. Noti zote zikaingia kwenye kanga ya Kavinya, mwekahazina wa akina mama, na kabla vumbi halijatulia walikuwa wakibishana kama paa la banda lao la kutwangia liwe la mabati ya bluu au ya kijani. Madam Nabiswa, mashavu yakiwa yamelowa kwa furaha, akairudisha bahasha mkobani, akaapa mbele ya wote kwamba atakayeleta ukuta hapo atakutana naye mahakamani.

Odero akashika mchi. Akatwanga kwa hasira zake zote, jasho likimwingia machoni, huku wageni wakimzunguka kwa heshima kubwa. Gunia lilipoisha akaanguka chini, viganja vimemchubuka.

Koki akainama juu ya kinu, akachota mahindi kidogo, akayapekua kiganjani.

"Umeyavunja," akasema, safari hii kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. "Muthokoi ni ganda tu linatoka, punje inabaki nzima. Kavinya, mletee gunia lingine."