Dirisha Dogo la Wakali wa Mkonge

Jumapili, 4 Agosti

Jana nimekufa wa kwanza tena! Nimetua kisiwani, nimeruka dirishani kwa madaha, nimeangukia kwenye maji na bunduki yangu mkononi. Basi. Kazi yangu ya siku imeisha.

Gemu letu ni la simu. Timu za watu wanne wanne zinashushwa kisiwani, zinawindana, na inayobaki hai ndiyo inayoondoka na pointi. Sisi ni Wakali wa Mkonge, timu pekee ya kulipwa hapa Korogwe. Kulipwa maana yake Mzee Jonathan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anatupa bando, jezi, wali wa mchana na chumba cha nyuma ya duka. Kwa hapa kwetu hiyo ni ajira.

Eliasi ni nahodha. Fransisko ni mlenga shabaha. Joyceline anatibu majeruhi. Mimi, Ukasha Mhina, natangulia kufungua njia. Wenye wivu wanasema natangulia kufa.

Fransisko amesema mbele ya Mzee kwamba vidole vyangu vimezeeka. Miaka thelathini na mmoja ndiyo uzee? Eliasi akanitetea, akasema intaneti ilikuwa nzito. Hiyo imeniuma zaidi. Nani alimwomba anitetee?

Sasa habari mbaya. Dirisha dogo la usajili linafunguliwa wiki ijayo, na Mzee anataka kuingiza mtu mmoja na kutoa mmoja. Aliposema hivyo wote walitazama chini. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nimepata mpango. Nahodha hatolewi. Kwa hiyo nahodha niwe mimi. Kwa hiyo Eliasi atoke. Dada yangu Husna ameniuliza mbona nacheka peke yangu na maharage yanaungua. Mambo makubwa haelezwi mtu anayenusa sufuria.

Jumatano, 7 Agosti

Mama Agripina, mama yake Eliasi, amelazwa. Figo. Nimeumia sana. Mama yangu alipofariki nilikuwa shule ya msingi, na huyu mama ndiye aliyenilisha. Kwake Makuyuni nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, najipakulia makande mwenyewe. Akinitambulisha kwa watu anasema huyu ni mwanangu wa pili.

Eliasi anashinda hospitali na kulala hukohuko. Macho yamekuwa mekundu. Nikaona nafasi.

Nimemwendea Mzee Jonathan. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwa masikitiko makubwa kwamba akili ya nahodha haipo mchezoni, na kwamba nasema haya kwa kumpenda. Mzee akaniuliza, mtu akiwa na mama mgonjwa akili yake inatakiwa iwe wapi? Akasema kama sina la kufanya nimsaidie kupakia saruji kwenye gari la mteja. Nimepakia mpaka adhuhuri. Mgongo wangu siusikii.

Ijumaa, 9 Agosti

Mpango wa pili. Mazoezi ni saa mbili asubuhi, lakini Eliasi nikamtumia ujumbe kwamba ni saa nne. Achelewe, Mzee ajionee mwenyewe. Akili nyingi!

Eliasi amefika kabla ya wote, moja kwa moja kutoka hospitali. Ujumbe wangu hakuusoma, simu ilikuwa imezima chaji. Aliyechelewa ni mimi. Nilitega simu iniamshe kwa saa ile niliyomwambia yeye, nisije nikajichanganya kwenye uongo. Nikajichanganya kwenye ukweli. Mzee amejionea mwenyewe.

Jumapili, 11 Agosti

Jana tumekuwa wa pili! Timu zote za mkoa wa Tanga, sisi wa pili. Eliasi kwenye spika za masikioni anaongea taratibu, hapandishi sauti hata risasi zikimiminika. Chura, lala chini. Chura, usinyanyuke. Chura ni mimi. Jina hilo alinipa tukiwa watoto kwa ajili ya kurukaruka kwangu, na hakuna mwingine ninayemruhusu kuniita hivyo.

Nikanyanyuka. Nikafa. Waliobaki wakamaliza kazi.

Mzee akaleta pilau ya kutupongeza. Eliasi hakula. Aliifunga yake vizuri ampelekee mama, ingawa mama hawezi tena kula pilau. Joyceline akasema nahodha wa namna hii hapatikani. Nikasema kweli kabisa. Kisha nikatoka nje kumpigia Muhsin.

Muhsin ni nyota wa Radi ya Chanika, timu ya Handeni. Amekubali kuja kwa sharti moja: awe nahodha. Nikasema bila shaka! Akishafika nitamgeuka. Ila lazima nimfuate Handeni asaini, na nafasi yake ni Alhamisi tu. Ijumaa anasaini upya na timu yake. Mzee naye amekubali Muhsin asajiliwe. Hakusema nani atoke. Sikumuuliza.

Jumatano, 14 Agosti

Mama Agripina amefariki alfajiri.

Nimelia mpaka Husna ameacha kazi zake akaja kukaa karibu yangu. Mama Agripina alikuwa akinikatia ukoko wa chini ya sufuria, sehemu niliyoipenda, kabla hajawapakulia wengine.

Eliasi amepiga mwenyewe. Sauti imemkauka. Maziko ni kesho saa nane mchana, Makuyuni. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba mbele ya jeneza tushike mimi na yeye, kwa kuwa wote tulikuwa wanawe. Nikamwambia hata niwe naumwa nitakuja.

Kesho ni Alhamisi. Nimempigia Muhsin asogeze. Hasogezi.

Handeni siyo mbali. Nitatoka asubuhi, nitamsajili, nitarudi, nitashika jeneza. Inawezekana kabisa.

Alhamisi, 15 Agosti. Misima, kando ya barabara

Tairi limepasuka. Hakuna la akiba. Nimekaa juu ya gunia la mahindi la mtu nisiyemjua.

Nilifika Handeni mapema, lakini nyota alikuwa amelala. Mama yake akanipa chai ya tangawizi. Nikanywa. Nyota akaamka, akaoga, akataka jezi niliyomletea iongezwe mikono. Tukazungukia mafundi. Mwishowe akasaini. Tukapiga picha tumeshikana mikono, meno yote nje, nami kwa mazoea nikairusha kwenye ukurasa wa timu: Furaha kubwa leo Handeni, jembe limetua!

Kisha safari, kisha tairi. Saa nane ilipogonga nikamtumia Eliasi ujumbe kwamba nimeshikwa na homa kali, niko kitandani, siwezi hata kusimama.

Joyceline amenipigia sasa hivi. Anasema walinisubiri. Padri naye akasubiri. Nafasi yangu mbele ya jeneza ilibaki wazi mpaka Mzee Jonathan, na goti lake lile bovu, akaenda kuishika. Msafara mzima ukaenda polepole kwa ajili ya goti. Nikamwambia, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba homa ndiyo kwanza inapanda. Akasema jezi imempendeza Muhsin, akakata simu.

Picha! Nimeifuta. Watu wote wameshaiona.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimetoa maelezo kwenye grupu la timu. Nimesema picha ni ya zamani. Fransisko akauliza ya zamani vipi na jezi hizi mpya zimeshonwa Jumanne. Nikasema basi homa ilinishikia Handeni.

Eliasi hakuuliza kitu. Alijitoa tu kwenye grupu na kwenye timu. Hakunitukana. Nilikaa na simu mkononi kutwa nzima nikisubiri anitukane. Ningeshukuru.

Mzee Jonathan amesema swali la nani atoke limejijibu lenyewe. Hakunitazama usoni.

Kwa hiyo mpango umefaulu. Nahodha ni mimi! Nilidhani ningefurahi zaidi ya hivi. Muhsin naye anasema nahodha ni yeye.

Jumapili, 25 Agosti

Jana Muhsin alisema twende kulia, mimi nikasema kushoto. Joyceline akasimama katikati anauliza wapi, wakamuua akiwa bado anauliza. Tumekuwa wa mwisho.

Leo Fransisko ametuaga. Anahamia Radi ya Chanika, kwenye nafasi aliyoiacha Muhsin. Wanamshangilia huko Handeni utadhani wamepata mbunge. Kumbe walikuwa na shida ya mlenga shabaha muda mrefu! Nimewatatulia mimi, kwa nauli yangu.

Jumapili, 8 Septemba

Muhsin amerudi kwao. Anasema chai ya Korogwe haina tangawizi ya kutosha na manahodha hawawezi kuwa wawili. Tumebaki mimi na Joyceline. Kanuni inataka wanne, kwa hiyo ligi imetuondoa. Imetangazwa kwa mstari mmoja, na jina la timu wamelikosea.

Mzee Jonathan anakirudisha chumba chetu kuwa stoo. Nimemsaidia kuingiza saruji, safari hii bila kuambiwa. Tulipomaliza akatoka, nikabaki peke yangu juu ya mifuko, nimevaa spika za masikioni zisizounganishwa na chochote. Kimya. Hakuna wa kuniambia nilale chini.

Jumapili, 22 Septemba

Arobaini ya Mama Agripina. Joyceline alisema anakwenda, nikasema twende wote. Nilibeba sukari. Nilikuwa na mpango pia: kwanza nilie, kisha niombe radhi, kisha nimtajie Eliasi ligi mpya ya Januari. Kwa mpangilio huo.

Nilizunguka kwenye mlango wa jikoni kama zamani. Kulikuwa na wanawake wanapika. Josefina, dada yake Eliasi, akanisalimia vizuri, akaniambia wageni wanakaa mbele, kwenye turubai.

Eliasi akaja mwenyewe na birika na beseni kuninawisha mikono. Amekonda.

"Karibu, kaka Ukasha," akasema.

Kaka Ukasha! Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Eliasi," nikasema, "ile siku..."

"Maji ni ya moto kidogo. Angalia."

"Una kinyongo na mimi. Sema tu."

"Sina." Akanipa taulo. "Mama alikuulizia siku ya mwisho. Akasema, Ukasha mbona simwoni? Nikamwambia yuko mazoezini, timu inamtegemea. Akafurahi. Akasema basi asisumbuliwe."

Machozi yakatoka kabla ya muda niliopanga, na yalipoanza hayakukubali kusimama. Ligi niliisahau. Nililia na wali mdomoni mbele za watu, na bibi mmoja nisiyemjua akawa ananipigapiga mgongoni akiniambia pole baba, pole, mama ni mama.

Tulipoondoka Eliasi alitusindikiza mpaka barabarani. Hajawahi kunisindikiza maishani. Mimi nilikuwa natoka kwao kama nilivyokuwa naingia, bila kuagwa. Alisimama mpaka gari likaja, akatushukuru kwa kuja, akatuombea safari njema. Joyceline akamkumbatia. Mimi akanipa mkono.

Ndani ya gari nikakumbuka, nikamwandikia kuhusu ligi ya Januari. Akajibu haraka. Amesema gemu ameacha, analima mahindi ya mama, na ananitakia kila la heri, kaka.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Hauna kosa hata moja.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku yenye heri! Kesho Husna anaolewa. Ndoa inafungwa hapa nyumbani baada ya swala ya adhuhuri. Baba hayupo, kwa hiyo walii ni mimi. Bila mimi kutamka, hakuna ndoa. Husna amenikumbusha hilo tangu Jumatatu. Nyumba imejaa mashangazi kutoka Handeni, sina hata pa kukaa.

Na leo hii nimepata habari za kijana wa Kwaluguru, hukohuko wilaya ya Handeni, anaitwa Bonaventura. Video yake nimeiangalia chooni, mahali pekee palipo na nafasi. Vidole kama umeme! Hana timu. Nikimpata yeye, na Joyceline akinisamehe, tutabaki na upungufu wa mtu mmoja tu. Mzee Jonathan atatoa saruji chumbani mwenyewe.

Nimempigia. Ana nafasi kesho asubuhi tu. Jumapili anakwenda Dar kujaribiwa na timu ya huko.

Nimekaa nikatafakari kwa kina, kwa sababu mimi siyo yule wa Agosti. Mambo niliyopitia yamenifunza. Safari hii sipandi gari la kupasuka matairi, nakodi bodaboda. Safari hii sinywi chai ya mtu. Na safari hii hakuna picha, hata aombe kwa magoti. Kwaluguru na kurudi, nitakuwa nimeketi mkekani kabla shehe hajafika.

Husna amekuja mlangoni sasa hivi, mikono yake yote ina hina, hawezi kushika kitu. Ameuliza kama kanzu yangu nimeshaipiga pasi. Nimemwambia tayari. Akasema anaogopa, hajui anaogopa nini, ila akiniona mimi nimekaa pale kesho ataacha kuogopa.

Nikamwambia alale salama, mimi nipo.

Mtu wa bodaboda nimemwambia asipige honi. Atanisubiri kwenye kona alfajiri.