Ombi la Kurudishiwa Maumivu ya Mgongo Wangu

Gatsata, Kigali
Juni 1992

Kwa Ndugu Silvère,
Mwalimu wa Utangulizi wa Ukandaji Tiba,
Kicukiro

Ndugu Mwalimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako vikiwa na nguvu. Mimi ni mume wa Illuminée, mwanafunzi wako, yule anayekaa mbele na kuuliza maswali. Kabla ya kustaafu nilifundisha jiografia, kwa hiyo utanisamehe nikieleza mambo kwa utaratibu. Kwa kuwa sote wawili tumekulia Bujumbura, nakuandikia Kiswahili, tuelewane bila mkalimani.

Sipingi elimu. Naelewa kwamba ukandaji ni kazi ya heshima: mkono unatafuta palipokaza, unapapasha joto, unapasukuma polepole mpaka damu ipite. Illuminée amenieleza hayo mara nyingi nikiwa nimelala kifudifudi, hali ambayo mtu hawezi kubisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgongo wangu ulifanywa ubao wa darasa, nami sikuombwa. Kila ulichofundisha mchana kiliandikwa juu yangu jioni. Aliuliza, "Hapa unasikiaje?" Nikajibu, "Nasikia kufa." Akasema, "Vizuri, ndivyo mwalimu alivyosema," akaongeza nguvu.

2. Mafuta. Uliwaambia watumie yaliyopo nyumbani. Kwetu yaliyopo ni samli, tena ya siku nyingi. Jumapili kanisani benchi letu lilibaki na nafasi tele, na mbwa wa jirani alinisindikiza kurudi kwa heshima ambayo sijaipata kwa binadamu.

3. Nimepona. Hapa ndipo penye kosa lako kubwa, naomba usome polepole.

Ninyi wa Kicukiro huenda mmeisahau desturi ya ingobyi. Hapa Gatsata nyumba ziko juu na barabara iko chini. Mgonjwa asiyeweza kutembea huwekwa kwenye ingobyi, yaani machela ya kusukwa, na wanaume wanne humteremsha mabegani mpaka kwenye gari. Kila mwenye nyumba ana zamu. Mimi, kwa ajili ya mgongo, nilisamehewa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma na mwavuli, nikiwaonyesha wabebaji mahali penye utelezi. Sijisifu, lakini hakuna aliyeifanya vizuri zaidi.

Sasa Illuminée amesimama mbele ya akina mama wa parokia akatangaza, "Mzee wangu amepona kabisa, njooni mmguse." Wakaja, wakanigusa. Kesho yake Rutayisire, mkuu wa ingobyi yetu, alifika na kipande cha godoro cha kuweka begani. "Mwalimu," akasema, "tumekupa mbele, kushoto. Mungu ni mwema."

4. Twahiru. Huyu ndiye mwuza nyama wetu, na hajawahi kuidharau bidhaa yake. Ana jongo, ule ugonjwa wa kuvimba vidole vya miguu, na ukimshika lazima ateremshwe kwa daktari. Nimekwisha kumbeba mara moja. Njia nzima alizungumza kutoka huko juu: "Kushoto panalegea. Nani yuko kushoto? Ah, ni mwalimu. Pole mwalimu, inua kidogo." Ijumaa ana miadi tena.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, katika mtihani wa Jumatano umwangushe mke wangu na umnyime cheti. Fikra yangu ni nyepesi. Akikosa cheti, itajulikana kwamba hana ujuzi wa kuponya. Kama hana ujuzi, mimi sijapona. Na mtu ambaye hajapona habebi Twahiru.

Dhamiri yako ikikataa, basi mfundishe somo la pili, la kurudisha. Fundi wa Gikondo anayejua kufungua injini anajua pia kuifunga. Sioni kwa nini mkono ulioondoa maumivu ushindwe kuyaweka yalipokuwa. Sihitaji yote. Ya kiunoni yatanitosha. Ya begani unaweza kubaki nayo.

Nisalimie mkeo na watoto, na wanafunzi wote, hasa wale ambao waume zao bado wanaumwa. Wape hongera.

Ni mimi, mnyofu bila hiari yangu,

Munyaneza, mwalimu mstaafu

Tanbihi: Nilipoinama kuokota kifuniko cha kalamu, mgongo umenishika, na haya nayaandika nikiwa sakafuni. Nilifurahi, kwa muda mfupi sana. Nimemwita Illuminée. Amekuja, ameisoma barua yote akiwa amesimama juu yangu, kisha akasema kwa upole, "Mazoezi yamekwisha, mzee. Mwalimu ametukataza kumgusa mtu yeyote kabla ya cheti. Na cheti, naona umeomba ninyimwe." Amerudi jikoni kuchambua maharage. Ndugu Mwalimu, mpe. Usingoje Jumatano, njoo na karatasi zako leo hii, mtihani umelala hapa sebuleni.