Gitaa Jekundu na Mkono wa Kushoto wa Gerson

Jumapili, 6 Julai

Baridi. Upepo wa Ihumwa umeingiza vumbi mpaka kwenye kopo la sukari.

Baada ya ibada Mwalimu Evodia, anayetufundisha kwaya, alitangaza kwamba Jumamosi tunarekodi wimbo wetu wa toba. Vigelegele. Kisha Gerson, mpiga kinanda, akanyoosha mkono kwa unyenyekevu wake ule wa kuudhi. Akasema sauti za besi anaweza kuzipiga yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hivyo hakuna haja ya kumsumbua ndugu Zablon.

Ndugu Zablon ni mimi. Nimepiga besi kwenye kwaya hii tangu tulipokuwa tunaabudu chini ya turubai! Kwa gitaa la kuazima, sikatai. Wenyewe wamelichukua Ijumaa.

Mwalimu akaamua hapohapo. Nikija Jumamosi na gitaa langu, na likasikika, nitapiga. La sivyo, mkono wa kushoto wa Gerson.

Shida ni kwamba nimeshamwambia mama atanisikia. Mama yuko Mkonze na habari haikai kwake. Majirani wote wanajua, hadi muuza maziwa. Sina pa kurudi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, ofisi zimefungwa. Nikaenda mjini dukani kwa Bashiri, anayeuza vyombo vya muziki.

Sikwenda kichwa kichwa. Jana nilitazama video za wataalamu watatu, wazungu, wote wenye ndevu. Wote wamesema neno moja: kama bajeti ni ndogo, nunua gitaa la kawaida na hela iliyobaki weka kwenye amplifaya. Gitaa la besi bila amplifaya, wanasema, ni ubao wenye nyuzi.

Bashiri alikuwa na gitaa la kahawia, limechubuka, linauzwa pamoja na amplifaya ndogo. Bajeti yangu kamili. Pembeni yake kulikuwa na jekundu. Jipya. Linang'aa. Nyuzi tano! Bei ileile, bila amplifaya.

Nilitafakari kwa kina. Wazungu wale hawaimbi kwaya. Kwaya huonekana kwanza, halafu ndipo husikika. Bashiri naye alinishauri nichukue la kahawia. Nilimshukuru kwa ushauri wake.

Jekundu limelala kitandani. Mimi nimejibana ukutani.

Jumatano, 9 Julai

Kupiga besi bila amplifaya ni sawa na kuzungumza na mtu aliye nyuma ya kioo. Unaona midomo tu.

Nikakumbuka sabufa ya mama mwenye nyumba, Mama Anyesi. Nilimwamkia vizuri, shikamoo ya kuinama kabisa, nikamwomba aniazime jioni moja kwa ajili ya ibada binafsi. Akanipa bila swali. Alisema vijana wa siku hizi wanaosali wamebaki wachache.

Nilichomeka gitaa. Ngurumo! Vikombe vilitembea mezani. Nikaongeza kidogo. Nikaongeza tena. Kisha ikatoka harufu ya kandambili zinazoungua, na spika ikaanza kukohoa. Sasa kila sauti inatoka ikiwa na mafua.

Nimeirudisha ikiwa imefunikwa kitambaa kisafi. Nimemwambia nimeifuta vumbi, ambayo ni kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Anyesi ameniambia msomaji wa taarifa ya habari ana kikohozi kibaya. Nimekubaliana naye.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata wazo kubwa kuliko yote. Kwa nini nihangaike na amplifaya? Kwenye kurekodi unachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine. Na mwenye mashine ndiye anayeamua nani asikike na nani asisikike. Mkono wa kushoto wa Gerson utakuwa chini ya kidole changu.

Nikarudi kwa Bashiri na hela ya chakula cha mwezi. Mashine za maana zilikuwa mbali na mfuko wangu. Akanionyesha moja ndogo wanayoitumia wadada wanaouza nguo mubashara mtandaoni. Inachomekwa kwenye simu. Ina vitufe vingi na taa za rangi zote, na ilikuwa bei ya kuokota. Aliniuliza kama nahitaji maelekezo. Nikamwambia mimi ni mtunza kumbukumbu daraja la pili.

Jioni nilimwambia Mwalimu asihangaike na studio ya mjini. Chumba changu kipo, godoro nitalisimamisha ukutani, hakuna gharama. Akasema Mungu anibariki. Gerson alinitazama kwa muda mrefu. Mtazame anavyoogopa!

Jumamosi, 12 Julai

Kwaya nzima chumbani kwangu. Wengine walisimama juu ya kitanda. Gitaa jekundu lilisifiwa. Jenifa, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, aliligusa kwa kidole akasema ni zuri kama gari.

Mara ya kwanza jogoo aliingilia. Mara ya pili upepo uliinua bati na kuliangusha. Mara ya tatu, jamani, mambo yalikaa. Sauti zilishikana mpaka nywele zikanisimama. Hata mimi sikukosea. Nilipiga besi ile nikimfikiria mama, na nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana.

Ningeishia hapo. Lakini nilisikia mkono wa kushoto wa Gerson ukinifuata nyumanyuma. Nikashusha kidole taratibu kwenye mashine ili nimpunguze.

Jenifa alikuwa anaimba peke yake, macho amefumba, anauliza atasimama wapi siku ile, yeye mwenye dhambi. Nikabonyeza kitufe chenye alama ya uso unaotabasamu. Nilidhani ni cha kuboresha sauti.

Wakacheka watu kama mia mbili. Kicheko kile cha kwenye vichekesho vya runinga, cha tumbo zima, na mmoja wao anapiga mluzi.

Kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyevaa hedifoni, hakuna mwingine aliyesikia. Waliendelea kutubu. Nilibonyeza kitufe kingine kuzima. Wakapiga makofi.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu alikuwa analia. Alisema hiyo ndiyo yenyewe. Nikapendekeza turudie. Umeme ukakatika, watu wakaenda zao.

Jumapili, 13 Julai

Mashine hii humimina kila kitu pamoja kwenye simu. Huwezi kutoa kicheko ukabakiza toba. Nimejaribu usiku na mchana, nimeshindwa.

Mwalimu ameusikiliza wimbo mara mbili. Akasema sauti hazitakaa vile tena, na utumwe hivyohivyo kwenye kundi la kanisa. Hakuuliza ni nani aliyeingiza kicheko. Alinitazama tu. Mzee wa kanisa mmoja ameandika kwamba ni sawa kabisa, dunia huwacheka wanaotubu, na kwaya imefikiri mbali. Jenifa hasalimiani nami.

Yote hayo ninayamudu. Besi yangu imo, ya Gerson imepungua. Nimemtumia mama.

Jumatatu, 14 Julai

Mama amepiga simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Alisema aliwaita majirani wote, wakaiweka simu kwenye sufuria tupu ili ipaze sauti, wakasikiliza mara tatu. Kinanda wamekisikia. Jenifa wamemsikia, na muuza maziwa amemsifu. Akaniuliza mimi niko wapi.

Nikamwambia asikilize ile sauti nzito ya chini. Akabana simu sikioni, akarudia wimbo wote. Akasema hakuna kitu chini, mwanangu.

Kisha akafurahi ghafla. Alisema mimi si ndiye yule ninayecheka? Amenitambua palepale. Amewaambia majirani kwamba tangu utotoni Zablon hucheka mahali pasipotakiwa.

Nikamwambia ndiyo mama, ni mimi.

Nimeumia. Ninaandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala nikiwaza, na nimeamka na jibu. Gitaa halina kosa. Mashine haina kosa. Mimi nilipiga vizuri. Kosa liko kwenye simu ya mama! Kaspika kale kadogo hakawezi kutoa besi, wala sufuria haiwezi kukasaidia.

Mama anahitaji spika kubwa. Bashiri anayo moja, ndefu hadi kiunoni, ina taa za kuzunguka. Akiiwasha Mkonze nitasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Hela nimeipata leo hii. Nimeuza gitaa.

Amelinunua Gerson. Hakupunguza bei, hakulijaribu, wala hakuuliza litasikika vipi bila amplifaya. Nimekaza uso mpaka alipofika kona, ndipo nikacheka. Huyo nimempata.