Ribosomu Yangu na Taa ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
"Ribosomu haiguswi. Ukiigusa, bakteria anakufa." Kauli ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mbele ya Mkuu wa maabara, tena akinywea kikombe changu. Upuuzi. Ribosomu ni mashine ya kuunda protini ndani ya seli, si kaburi la mtakatifu. Na zile za asili mimi sizigusi. Nawaachia bakteria zao, nawaongezea moja niliyoibuni upya, inayosoma maagizo yangu tu. Ikiyasoma, bakteria atang'aa kijani chini ya taa ya buluu.
Mkuu kasema kabati la joto limebaki na rafu moja. Ijumaa atampa mmoja wetu. Atakayekosa, bakteria wake watamwagwa. Wangu ni jasho la miaka.

Jumanne, 5 Machi
Nimepanda bakteria kwenye visahani viwili. Kila kisahani hutiwa dawa inayoua wote wasiobeba jeni ya ribosomu yangu. Nilikuwa nimetia dawa kimoja, Shemeji akauliza kama hotuba ya ushindi iko tayari au nangoja bakteria waniandikie. Nikamjibu kwa hoja. Ndefu, yenye historia. Akaziba masikio kwa pamba. Nikarudi kazini mshindi, ingawa sikukumbuka nilikuwa nimefikia wapi.

Jumatano, 6 Machi
Kisahani kimoja kimejaa: wanono, weupe, wenye afya. Kingine kina vidoa kama vumbi. Mwenye macho haambiwi tazama. Cha vidoa nimekitupa kwenye pipa la taka.
Ningewamulika wanono, lakini taa ya buluu iko mezani kwa Shemeji, na kuomba ni kunyenyekea. Mke wangu kasema kuazima taa hakujamuua mtu. Wamezaliwa tumbo moja hao.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebandika jina langu kwenye rafu. Shemeji kapita, kasoma, kasema mwandiko ni mzuri.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaja. Shemeji kaleta taa bila kuombwa, dharau ya wazi. Kawamulika wanono. Giza tupu. Mkuu akauliza kama hapa niliweka dawa. Nikasema swali hilo ni pana. Akasema si pana hata kidogo: hawa ni bakteria wa kawaida, wamejilia raha.
Ndipo Shemeji akatoa kisahani cha pili. Alikuwa amekiokota pipani. Akaniambia, shemeji, kitu hakitupwi kabla hakijamulikwa. Akawasha taa. Vidoa vyote kijani. Wanakua polepole kwa sababu wamebeba mzigo wangu, lakini wanaishi, na ribosomu yangu inafanya kazi.
Shemeji akakiri mbele ya wote kwamba alikosea: ribosomu inaguswa, shida ni mguso wa shemeji yake. Wakacheka mpaka Mkuu akavua miwani. Rafu kapewa yeye. Vidoa vyangu vitakaa humo, chini ya uangalizi wake.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa liko wazi: vidoa havikushiba. Jumatatu nitavipanda upya bila dawa, vinenepe. Taa siazimi.
Nanyi mtakaoandika historia ya maisha yangu: ng'oeni ukurasa wa Jumatano. Andikeni kwamba Shemeji alikiri kosa, kisha mweke nukta.