Tundu la Bomba Tunaloomba Lisizibwe

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru

Waheshimiwa Wafadhili wa Maji na Umeme,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Pierrette, mjane, katibu wa Kamati ya Tundu. Nimesikia kwamba mji wetu umewaandikia kuomba msaada wa kuokoa maji na umeme, na kwamba ukurasa wa kwanza wa ombi una picha ya tundu letu. Picha ni nzuri. Mimi ndiye mwenye ndoo ya kijani. Lakini chini yake wameandika "hasara", na hapo moyo wangu uliuma.

Tundu liko kwenye bomba kubwa, nyuma ya soko la samaki. Linaingia vidole vitatu na limevuja miaka sita. Malalamiko yetu ni haya:

1. Wanasema maji yanapotea. Hayajapotea hata siku moja. Yanaingia ndoo ya Matildah, kisha yangu, kisha ya Beauty anayeosha samaki, na yanayobaki yanashukia mboga za kanisa. Anayetaka kuona hasara aje afungue robine, ule mfereji wa uani kwangu. Inatoa upepo tu.

2. Wanasema pampu inakula umeme bure. Si bure, inatusukumia sisi. Na umeme ukikatwa, tundu halikatiki, kwa sababu tangi liko kilimani na sisi tuko bondeni. Mjini hapa ni mtambo gani mwingine unaofanya kazi hivyo? Tundu linastahili cheti.

3. Tundu lina utaratibu. Wajawazito mbele, na asiyesalimia anarudi nyuma ya foleni. Mwaka jana fundi Lloyd alikuja na mpira wa baiskeli alizibe. Tulimkalisha, tukamlisha bukari, ugali wetu, na samaki, akashiba, akasema, "Sawa, bamama, nitarudia siku ingine." Akaenda na mpira wake. Hatukumpiga.

4. Hili siandiki kwa mchezo. Kabla ya tundu tulichota ziwani. Mama yangu mzazi, Joëlle, ana mkono mmoja. Mwingine aliuchukua mamba, pamoja na ndoo. Tundu liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu, naye huenda peke yake na kopo lake, akirudi anaimba. Mkiliziba, nimwambie aende wapi? Naogopa, waheshimiwa. Naogopa kweli.

5. Kwa hiyo tunaomba msaada uje kwa tundu lenyewe: saruji ya kulizungushia, kivuli, mabenchi mawili, na tundu la pili, dogo, kwa wanaume wanaokuja kuosha pikipiki. Kikibaki kitu, toboeni na mitaa mingine. Kuna watu wanaishi bila tundu hata moja.

Pokeeni heshima za kamati nzima. Wasalimieni wa nyumbani kwenu wote, wakubwa kwa wadogo, na yule aliyetupiga picha.

Mimi mnyenyekevu wenu,
Pierrette, Katibu

Nyongeza: Sijafunga bahasha na mambo yameharibika. Leo asubuhi, wanakamati wenzangu wote wakiwa msibani nami nikipika, Lloyd amerudi na mpira ule ule akaziba. Nilitoka na mwiko kumtafuta. Sijafika barabarani, nikasikia robine yangu inakohoa uani. Mama alidhani ni mgeni, akaitikia, "Ingia tu, mulango iko wazi!" Maji yakatoka, kwanza mekundu, kisha meupe. Kumbe miaka sita yote yalikuwa yakiishia tunduni kabla ya kufika kwangu, na mimi ndiye katibu.

Mama amebeba kiti mpaka uani. Amekaa, ameweka mkono wake chini ya maji, analia na kucheka. Naomba barua hii muichane. Upeni mji huo msaada, tena haraka, kwa sababu mpira wa baiskeli haudumu. Kuhusu kuokoa maji mtatusamehe kwa leo. Mama amekataa kufunga robine.