Mgonjwa wa Kuazima

Bingwa aliweza kukutazama tu unavyofunga kamba za viatu, akakutajia ugonjwa wako wa akili, wa baba yako, na wa fundi aliyevishona!

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Kwa kweli alikuwa mwanafunzi wa udaktari tu, aliyeletwa wodi ya magonjwa ya akili kujifunza, lakini nyumbani alishawapima wote na hakuna aliyesalimika. Bibi alikutwa na wasiwasi sugu. Dada alikutwa na sonona. Hata jogoo, kwa kosa la kuwika saa nane mchana, aliambiwa amechanganyikiwa.

Ikafika siku ya kikao cha Profesa. Hapo mwanafunzi husimulia habari za mgonjwa wake mbele ya madaktari wote, kisha mgonjwa mwenyewe huingizwa ahojiwe. Ukiboronga, unarudia mafunzo yote ya wodi huku wenzako wanasonga mbele. Bingwa, aliyeshinda wiki nzima kantini akitoa mihadhara, alikwenda kumchukua mgonjwa wake asubuhi hiyo, akakuta kitanda kimetandikwa. Mgonjwa karuhusiwa jana yake. Kapona, kaenda zake!

Bingwa akampigia simu mjomba.

"Mjomba, niokoe! Unakaa kitini dakika chache tu, unajifanya unasikia sauti."

"Sauti za nani?"

"Za yeyote, Mjomba! Njoo tu!"

Mjomba aliwahi kuigiza mti shuleni na mwalimu akamsifu. Alifika mbio.

Kikaoni, Bingwa alijimwaga. Alitaja dalili mpaka wenzake wakachoka kuandika. Kisha, kwa kujihami, akaongeza: "Na mtaona wenyewe, Profesa. Mgonjwa huyu hajui kama anaumwa. Kuna wakati anadai mimi ni mpwa wake!"

Ukumbi ukacheka. Mjomba akaingizwa.

Lo! Alitumbua macho. Akatega sikio ukutani. Akaliamkia feni shikamoo, akasubiri liitikie, lilipokaa kimya akalilaumu kwa kukosa adabu. Bingwa mwenyewe alianza kumwogopa.

"Hali ni mbaya," Profesa akasema. "Sista, tunamlaza leo. Anza na sindano."

Sista akaja na sindano yake. Mjomba kuiona tu, sauti zote zikamkimbia.

"Ngojeni kwanza! Mimi mzima! Mimi mjomba wake huyu!"

"Ehee!" madaktari wakashangilia. "Kama alivyotuambia!"

"Nimembeba mgongoni huyu! We mtoto, si useme?"

Profesa akampa Bingwa mkono. "Kazi safi, kijana. Sijapata kuona mwanafunzi anayemjua mgonjwa wake namna hii. Nakupa alama za juu kabisa."

Bingwa akamtazama mjomba, akaitazama sindano, akazifikiria alama. Ni aibu kusema, lakini alizifikiria kwa muda. Sindano haiui, alijiambia. Halafu mjomba mwenyewe kila siku analalamika hapati usingizi.

"Mpigieni dada yangu!" mjomba alilia, amekumbatia mguu wa meza. "Yeye ndiye mama yake! Atawaambia!"

Profesa hakuona ubaya, maana maelezo ya ndugu ni sehemu ya kazi yao. Mjomba akamtajia namba, naye akapiga, akaiweka simu mezani, sauti juu, wote wasikie.

"Mama, habari za nyumbani? Napiga kutoka wodi ya magonjwa ya akili. Tuna mtu wa familia yako hapa, tunataka kumlaza. Ila yeye anasema hana tatizo."

Mama akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali! Mimi nilijua zamani, daktari, nikawa naona aibu kusema. Anakihutubia kioo! Anajiita Bingwa! Juzi kaniambia naumwa, eti kwa sababu nimeimba nikifua!"

Profesa akageuza kiti chake taratibu, kutoka kwa mjomba mpaka kwa Bingwa. Akachukua kalamu, akazikata zile alama kwa mstari mmoja mnene. Sista naye akageuka, sindano mkononi.

"Mama!" Bingwa akapayuka. "Mimi siumwi! Mimi ni daktari!"

"Mnamsikia lakini?" mama akasema kwa huruma. "Halafu, daktari, sindano mchomeni ya kalioni. Ya mkono huwa anaikwepa."